Ghafla kwa Nani? Kitenzi "Kughafilika" na Uvivu wa Wahakiki

Katika uhakiki wa Kiswahili unaoandikwa vyuoni na, kwa kiwango kibaya zaidi, katika miongozo inayouzwa kwa wanafunzi wa sekondari, kuna neno moja linaloteswa kila siku bila ya kupata mtetezi. Neno hilo ni kughafilika. Mhakiki akimkuta mhusika aliyepatwa na jambo asilolitazamia, humwambia msomaji kwamba mhusika huyo alisahau, au alipuuza, au alizubaa. Siku hizi, kwa taathira ya tafsiri za haraka kutoka Kiingereza, atasema kwamba mhusika "alikengeushwa". Na pale anapokumbuka kwamba kughafilika nalo lipo, hulitia kama pambo mahali pa mojawapo ya maneno hayo manne, kana kwamba lugha imeyarundika yote matano kwa kazi moja. Makala haya yanadai kwamba kosa hilo si la msamiati pekee. Ni kosa la usomaji. Panapopotea kughafilika hupotea aina moja ya hatia, na fasihi ya Kiswahili, tangu tenzi za pwani ya kaskazini hadi riwaya za miaka ya 1970 na 1980, imeitegemea hatia ya aina hiyo mara nyingi kuliko inavyokubaliwa.

Neno lenyewe kwanza. Kughafilika, ghafla (au ghafula, kama wasemavyo wengine), ghafala, mghafala na kughafilisha yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye konsonanti tatu, gh-f-l. Katika kamusi maneno haya yamekaa karibukaribu kwa sababu ya alfabeti tu, na pengine ndiyo maana wanaozifungua hawajiulizi kama ni ndugu. Kwa Waarabu, ghafla ni nomino: ni ile hali ya moyo kutokuwa na habari na jambo lililo mbele yake. Jambo likimfikia mtu katika hali hiyo, husemwa kuwa limemjia "juu ya ghafla", yaani akiwa hana habari nalo. Kiswahili kililipokea neno, kikaligeuza kuwa kielezi, na katika kuligeuza huko kikamwacha nje yule mwenye ghafla. Leo gari husimama ghafla, mvua hunyesha ghafla, na neno limekuwa kipimo cha mwendo wa vitu. Kitenzi lakini hakikukubali kumwacha mtu huyo. Gari haliwezi kughafilika, wala mvua. Anayeghafilika ni mwenye moyo wa kutambua, ambaye kwa wakati fulani moyo huo umeelekea kwingine.

Hapo ndipo tofauti na majirani zake inapoanza. Anayesahau lazima awe alijua. Husemwa "nimesahau jina lako", na hakuna mzawa wa lugha atakayesema "nimeghafilika jina lako". Kwa upande mwingine, mtu huweza kughafilika na jambo ambalo hakupata kulijua hata siku moja: aliyeumwa na nge chini ya mkeka hakumsahau nge yule, maana hakuwa na habari naye, alighafilika. Anayepuuza amekwisha kuliona jambo, akalipima, akaona halina uzito. Kupuuza ni uamuzi. Anayezubaa akili yake ni tupu, na utupu huo huonekana usoni. Mpita njia atamwona kinywa wazi na kumgutusha. Mghafilika haonekani. Akili yake si tupu, bali imejaa. Anafanya kazi, anahesabu fedha, anasali, anawinda, anapenda. Tena aghalabu anafanya kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo inayomziba. Tafsiri za Kiswahili za Kurani zimeuweka uhusiano huu wazi: sura ya 102, inayowakemea watu kwa kushindana kurundika mali, hufasiriwa na Ali Muhsin al-Barwani kwa kitenzi kushughulisha, ilhali aya ya kwanza ya sura ya 21, inayosema juu ya watu ambao hesabu yao imekaribia nao hawana habari, hufasiriwa naye kwa jina mghafala. Shughuli ndiyo njia, mghafala ndiko inakofikisha, na ghafla ni kishindo kinachosikika mwishoni. Maneno matatu ya kila siku, na ndani yake kuna tamthilia nzima.

Kengeuka ni habari nyingine. Kukengeuka ni kuacha njia. Lazima pawe na njia na pawe na kuiacha. Kitenzi hicho kina heshima yake na kinafaa kwa mwanafunzi aliyeacha masomo akafuata ulevi, au kwa chama kilichoziacha ahadi zake. Mghafilika hakuacha njia yoyote. Yumo njiani mwake barabara, anaitazama njia hiyohiyo, na anachokosa ni kuona kilicho kando yake. Kumwita mtu wa namna hii "aliyekengeushwa" ni kumbandika mwendo ambao hakuwa nao.

Lakini hoja nzito zaidi imo katika sarufi, na inashangaza kwamba idara zinazofundisha isimu na fasihi katika jengo moja hazijaifikisha kwa wahakiki. Kughafilika kuna kiambishi -ik-, ambacho ni cha Kibantu kama kilivyo katika kuvunjika na kufadhaika. Neno limekuja na shina lake kutoka ng'ambo, likavishwa kauli ya kutendeka hapa hapa nyumbani. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefundishwa kwamba kauli ya kutendwa humtaka au humruhusu mtenda: kikombe kimevunjwa na mtoto. Kauli ya kutendeka humkataa: kikombe kimevunjika, basi. Hali imetajwa, aliyeisababisha hakutajwa, na lugha haioni kwamba kuna pengo.

Sasa na yatazamwe matokeo yake. "Amekengeushwa na biashara" maana yake ni kwamba biashara ndiyo iliyomtenda. Yeye ni mtendwa, na nusu ya lawama imekwisha kuhamia sokoni. "Ameghafilika na biashara" ina na ileile kwa sura, ila kazi yake ni kinyume kabisa. Hapa biashara ndiyo iliyokosa kuangaliwa. Mwenyewe alikuwa akishughulika na jingine, na duka likaharibika. Na ya kukengeushwa humtaja mwizi wa moyo. Na ya kughafilika humtaja aliyeibiwa. Kwa hiyo mhakiki anapoandika, kama inavyosomwa mara kwa mara katika tasnifu, kwamba mhusika fulani "ameghafilika na anasa za mji", akikusudia kwamba anasa zimemteka, kwa kweli amemsifu mhusika huyo kwamba hana habari na anasa. Amemfanya walii. Kosa hili linachekesha mpaka pale linapoingia katika sentensi ambazo hazina mchezo. Kauli kwamba Mungu haghafiliki na wayatendayo waja, ambayo hukaririwa katika tafsiri za Kiswahili za Kurani, inasema kwamba Yeye huyaona yote bila ya kukosa hata moja. Kwa sarufi mpya ya wahakiki kauli hiyohiyo itasema kwamba matendo ya waja hayamshughulishi. Mwangalizi asiyelala amegeuka kuwa mfalme asiyejali, na herufi hata moja haikubadilishwa.

Watakaojibu kwamba lugha hubadilika hawakosi ukweli. Lugha hubadilika. Ila mabadiliko yanayostahili kukubaliwa ni yale yanayoiachia lugha nafasi ya kusema ilichokuwa ikisema, hata kama ni kwa neno jingine. Hapa hakuna neno jingine lililoletwa kuichukua kazi iliyoachwa. Kuna utupu, na utupu huo hujazwa kwa kusahau na kupuuza, ambayo tayari yana kazi zao.

Wengine watajibu kwamba kughafilika ni neno la msikitini, kwamba lina harufu ya mawaidha, na kwamba uhakiki wa kidunia hauna haja nalo. Jibu hili lina nguvu zaidi kwa juu kuliko kwa ndani. Ghafla lenyewe ni la mzizi uleule, na mtoto wa darasa la sita huko Kakamega au Machakos, asiyejua msikiti wala madrasa, huanza nusu ya aya za insha yake kwa "ghafla bin vuu". Amefundishwa kwamba ni tamathali ya kupatia alama. Hakuna aliyemweleza kwamba amelishika jina la hali ya moyo wa mtu. (Bin lile nalo ni la mzaha: ghafla amepewa baba, na baba mwenyewe ni kishindo.) Kama ghafla haliwi la msikitini anapolitumia mtoto huyo, haieleweki kwa nini kitenzi chake kiwe hivyo anapokitumia mhadhiri.

Mlinzi wa mlango usio wenyewe

Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotoka mwaka 1980, imesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya. Miongozo humweleza Maksuudi kwa orodha: ni katili, ni mnafiki, ni mwenye tamaa, ni mbabe wa wanawake. Kila sifa katika orodha hiyo ina ushahidi wake katika matini, na orodha nzima haimfasiri. Mtu anaweza kuwa na sifa hizo zote na akafa kitandani mwake akiheshimiwa. Swali ambalo orodha haliulizi ni hili: kwa nini mtu mwenye hadhari kama Maksuudi anaangushwa? Maana hadhari anayo. Nyumba yake imefungwa. Mkewe, Bi Tamima, na bintiye, Maimuna, wamewekwa ndani wasione nje wala wasionekane. Anajua nani anaingia na nani haruhusiwi kuingia. Ukimwita mpumbavu unaipinga riwaya. Ukisema alisahau, hujui alisahau nini. Ukisema alipuuza, itabidi uonyeshe ni lini alipoiona hatari akaidharau, ilhali matendo yake ni ya mtu anayeiona hatari kila mahali.

Maksuudi ameghafilika, na ameghafilika kwa sababu ya kulinda. Macho yake yote yako mlangoni, yakiitazama heshima ya nyumba isitoke. Na kwa kuwa yako hapo, hayako kwa binti mwenyewe, ambaye anakua ndani ya kuta hizo bila ya kuandaliwa kwa dunia ambayo siku moja ataiingia. Hayako pia kwa wale aliowadhulumu zamani. Bi Farashuu, ambaye bintiye aliolewa na Maksuudi akaharibiwa naye, hakusahau kitu. Kazija hakusahau. Wao ndio wanaoangalia. Na Kazija anapopanga mpaka baba na mwana, Maksuudi na Mussa, wakakutana kwake kila mmoja akiwa na aibu yake mkononi, miongozo huandika kwamba mambo "yaligeuka ghafla". Ghafla kwa nani? Kwa Kazija si ghafla hata chembe. Ni saa iliyosubiriwa. Kwa Bi Farashuu ni deni linalolipwa baada ya miaka. Ghafla ni ya Maksuudi peke yake, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa akitazama kwingine. Mhakiki anayeliandika neno hilo bila ya kumtaja mwenyewe amejiunga na Maksuudi bila ya kujua. Ameyaona matukio kwa macho ya mtu ambaye riwaya nzima imejengwa kumfichua.

Hili lapasa kusisitizwa kwa wanaojifunza kuchambua usimulizi. Ghafla katika hadithi ni alama ya mtazamo. Kila linapotokea, kuna mtu ambaye mtazamo wake umekodishwa kwa msomaji, na kazi ya mhakiki ni kumtafuta mtu huyo na kuuliza alikuwa akitazama nini wakati jambo lilipokuwa likimkaribia. Nadharia za kigeni zimepachikwa juu ya riwaya za Kiswahili kwa miaka mingi ili kulisema jambo ambalo mzizi wa neno lenyewe unalisema kwa konsonanti tatu. Si kwamba nadharia hizo hazifai. Ni kwamba mwanafunzi anaambiwa akariri istilahi ya usimulizi iliyotafsiriwa mara mbili, Kifaransa hadi Kiingereza hadi Kiswahili, na huku hajawahi kuulizwa ghafla ni nini.

Zakaria katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, ni ndugu yake Maksuudi japo hawafanani kwa tabaka wala kwa dini. Mmoja ni wa Unguja, mwingine wa Ukerewe. Mmoja ana madaraka, mwingine ana pombe. Zakaria naye ni mlinzi. Anampiga Rosa vibaya kwa ajili ya barua ya kijana, na kipigo hicho, kwa macho yake, ni uangalifu wa baba. Riwaya ilipotoka ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania, na mjadala wa wakati ule ulizunguka juu ya mwenendo wa Rosa mbali na nyumbani. Hata waliomtetea mwandishi walikuwa wakibishana kama malezi makali "yalisababisha" upotovu, kana kwamba malezi ni kani na msichana ni jiwe. Kitenzi kilichohitajika hakikusikika vya kutosha. Zakaria aliilinda barua akaghafilika na binti. Aliijua hatari moja, akaijua sana, na ujuzi wake huo ukamtosha hata asitazame kama mtoto aliyekuwa mbele yake amefunzwa namna ya kukataa, namna ya kukubali, namna ya kusema na mwanamume bila ya woga. Rosa ndiye aliyekengeuka. Kitenzi hicho ni chake, na ni haki yake, kwa kuwa alionyeshwa njia kisha akaiacha. Baba hakukengeuka kokote. Alikaa palepale, na chupa yake na fimbo yake.

Ukiwahukumu wawili hao kwa kitenzi kimoja, kama inavyofanyika, utalazimika kuchagua: ama binti awe mhanga asiye na hatia, ama baba awe mzazi mwema aliyekosewa adabu. Mabishano ya wanafunzi katika semina huishia kwenye uchaguzi huo, na huishia kwa kelele. Ukiwapa vitenzi viwili, hakuna haja ya kuchagua. Hatia ya mghafilika si ile ya mkengeukaji, wala si ile ya mpuuzaji. Ni ndogo kuliko ya mpuuzaji kwa nia na huenda ikawa kubwa kuliko yake kwa matokeo, kwa sababu mpuuzaji ameiona hatari, na aliyeiona anaweza kugeuka. Mghafilika hana cha kugeukia.

Mpango wa Trebonius

Kitenzi kina kauli nyingine iliyosahauliwa zaidi, nayo ni kughafilisha. Hapo mtenda amerudi, na amerudi na hila. Mfano mwafaka unapatikana katika tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanayo tangu mwaka 1963, Julius Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare, na akaipitia upya kwa chapa ya 1969 yenye jina Juliasi Kaizari. Katika onyesho la mauaji wala njama hawaanzi na visu. Trebonius anamwondoa Antony pembeni, kwa maneno tu. Metellus Cimber anapiga magoti kumwombea ndugu yake aliyefukuzwa nchini. Wengine wanaongezea maombi yao wakisogea karibu. Kila tendo katika orodha hiyo ni la kawaida katika baraza la mtawala, na kwa kuwa ni la kawaida linamshika Kaizari pale wanapotaka ashikike. Antony ameghafilishwa, Kaizari ameghafilishwa, na hakuna hata mmoja aliyedanganywa kwa maana kamili ya neno, kwa kuwa mazungumzo ya Trebonius ni mazungumzo kweli na ombi la Metellus ni ombi kweli.

Wanafunzi huambiwa kwamba Kaizari aliangushwa na kiburi. Kiburi kipo, hakuna anayekataa. Lakini iangaliwe barua ya Artemidorus. Kwa Plutarch, ambaye Shakespeare alimtegemea, Kaizari anaipokea barua ya onyo na anajaribu kuisoma, ila umati wa wenye haja unamzuia. Hapo ni shughuli tupu. Shakespeare alibadilisha. Kwake, Artemidorus anapomsihi aisome kwanza kwa kuwa inamhusu yeye mwenyewe, Kaizari anajibu kwamba basi linalomhusu yeye ndilo litakalokuwa la mwisho. Jibu hilo ni jema. Ni jibu ambalo wananchi popote wangependa kulisikia kwa kiongozi wao. Kaizari anaghafilika na kifo chake kupitia fadhila ya kweli, au angalau kupitia fadhila anayopenda ionekane, na mwandishi ameupanga utata huo kwa makusudi. Neno kiburi haliutoshi. Kupuuza kunautosha kwa yule mtabiri wa katikati ya Machi, ambaye Kaizari alimwona, akamsikia, akamwita mwotaji. Onyo hilo kweli alilipuuza. Barua hakuipuuza. Tamthilia moja inavitaka vitenzi viwili katika kisa kimoja, na darasa linavipewa kimoja.

Inafaa kuongezwa, kwa kupita, kwamba lalamiko la siku hizi kuhusu simu za mkononi limejengwa juu ya na ya kukengeushwa: simu ndiyo mtenda, kijana ndiye mtendwa, na dawa ni kuinyang'anya. Bibi wa pwani angemwambia mjukuu wake kwamba ameghafilika na chungu jikoni. Simu asingeitaja. Angetaja kilichoungua.

Waliokuwa macho

Inabaki Al-Inkishafi. Utenzi huu wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa wakati fahari ya Pate ilipokuwa imekwisha kuporomoka, umeandikiwa mengi, na mengi ya hayo huurudisha kwenye sentensi moja: mshairi anahubiri dhidi ya anasa. Usomaji huo unaufanya utenzi kuwa mdogo. Anasa inaelezwa humo kwa jicho la mtu aliyeipenda. Taa, vyombo, mapambo ya nyumba, mwendo wa mabwana na umati wao, vyote vimechorwa kwa uzuri ambao mhubiri tu asingeuhangaikia. Tena anayeambiwa si tajiri wa Pate. Ni moyo wa mshairi mwenyewe. Na moyo huo hauchukuliwi kuwa mjinga. Unasutwa kwa sababu una akili ya kuchagua na bado hautambui. Mshairi anapouliza wako wapi waungwana wa Pate, haulizi kwa kutaka habari. Habari moyo unazo. Makaburi unayajua, magofu unayaona, ndege waliojenga katika zidaka umewasikia. Tatizo la moyo si kutojua na si kusahau. Jina la hali hiyo ni ghafala, na hata mahali ambapo neno lenyewe halitajwi ndiyo inayosemezwa.

William Hichens alipoutoa utenzi mwaka 1939 aliupa kichwa cha ziada cha Kiingereza chenye maana ya kuamka kwa nafsi, na tangu hapo picha ya usingizi na kuamka imeshika mizizi. Wahakiki wa Kiswahili wameipokea bila ya kuikagua: nafsi ililala, mshairi anaiamsha. Lakini inkishafi si kuamka. Ni kufunuka, kuondokewa na pazia. Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu, kwa kuwa anayelala hajishughulishi na lolote, na akiamshwa hana wa kumlaumu. Usingizi ni haki ya mwili. Mwenye pazia usoni yu macho. Anatembea, ananunua, anaamrisha, anacheka. Na mshairi amelisema hilo kwa picha ambayo kichwa cha Hichens kimeizima: nyumba za matajiri wa Pate zimewashwa taa za kioo na za shaba mpaka usiku wao ukawa kama mchana. Hawa si watu waliolala. Ni watu waliokesha.